"Hatakumbuka, Bado ni Mdogo"

SOMO LA FAMILIA
Maandiko: 2 Timotheo 1:5, 2 Timotheo 3:14-15, Kumbukumbu la Torati 6:6-7



Kuna sentensi moja ambayo ukikaa Kariobangi wiki moja tu lazima utaisikia. Baba na mama wanarushiana maneno makali ndani ya chumba kimoja, na mtoto wa mwaka mmoja amekaa kitandani anawatazama. Jirani akigonga mlango na kusema, "Jameni, kuna mtoto hapo," anajibiwa, "Huyo ni mdogo, hatakumbuka." Mtoto anahamishwa kutoka kwa mama mmoja wa kulea watoto hadi kwa mwingine, mara tatu kwa miezi miwili, kwa sababu kule bei imeshuka shilingi kumi. Hatakumbuka. Tunakuja ibadani, tunamwekea katuni kwa simu kuanzia sifa hadi baraka, maana hata akisikia Neno hatakumbuka.

Leo nataka tuipime hiyo sentensi kwa Neno na kwa yale ambayo watafiti wameona wakiwachunguza watoto. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine si kweli, na hiyo ndiyo inatugharimu.

1. NENO LINASEMA "TANGU UTOTO"

Paulo anamwandikia Timotheo akimkumbusha kwamba ameyajua maandiko tangu utoto (2 Timotheo 3:15). Tukisoma haraka haraka tunafikiria mtoto wa miaka saba au minane, wa shule ya Jumapili, anayeweza kukariri mstari. Lakini neno la Kigiriki alilotumia Paulo ni brephos. Luka analitumia neno hilo hilo kwa Yesu akiwa amelazwa horini (Luka 2:12), na kwa Yohana aliporuka ndani ya tumbo la Elisabeti (Luka 1:41). Huyo ni mtoto mchanga kabisa, wa kunyonya, hata yule ambaye bado hajazaliwa.

Sasa hebu jiulize. Mtoto wa kunyonya hawezi kusoma. Alianza kuyajua maandiko kwa njia gani? Paulo anataja watu wawili: bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba yake alikuwa Myunani (Matendo 16:1). Kwa hivyo Neno lilimfikia Timotheo kwa sauti ya shosho na sauti ya mama, nyumbani, akibebwa, akilishwa, akilazwa. Paulo hakuona aibu kusema kwamba kujua kwake kulianzia hapo.

2. KUMBUKUMBU INAANZA LINI?

Mimi nilisomea biashara, si udaktari. Lakini mtu wa biashara amefundishwa kuuliza, "Hesabu zinasema nini?" Hizi hapa ni baadhi.

Mwaka wa 1980, watafiti wawili Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto ambao hawajamaliza siku tatu duniani chuchu maalum ya kunyonya. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anasikia sauti ya mama yake, akibadilisha mwendo anasikia sauti ya mama mwingine. Watoto wale walinyonya kwa namna ya kuleta sauti ya mama yao. Hawakuwa wameisikia kwa muda mrefu hapa nje. Waliijua tangu tumboni. Kwa hivyo mama mjamzito ukiimba wimbo wa sifa ukifua pale kwa bomba la plotini, kuna mtu mmoja ndani anasikiliza na anaweka.

Mtafiti mwingine aliitwa Carolyn Rovee-Collier. Miaka ya 1960 alikuwa bado mwanafunzi, ana masomo na ana mtoto mchanga. Kina mama mnaojua kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja mtamwelewa. Ili apate nafasi ya kuandika, alifunga utepe kwenye mguu wa mtoto wake na ncha ya pili kwenye vidude vya kuning'inia juu ya kitanda. Mtoto akirusha mguu, vidude vinacheza. Muda si muda mtoto akajua kwamba ni yeye anayevichezesha. Kutokana na hapo, huyo mama alitumia maisha yake yote kupima muda ambao mtoto anaweza kukumbuka kitu alichojifunza.

Alichopata ni hiki. Mtoto wa miezi miwili anakumbuka kwa siku moja au mbili hivi, kisha inapotea. Wa miezi mitatu anakumbuka karibu wiki moja. Wa miezi sita, karibu wiki mbili. Wale wakubwa kidogo alipowafundisha kufinya kitufe ili treni ya kuchezea itembee, wa mwaka mmoja na nusu walikumbuka karibu miezi mitatu.

Unaona vile inapanda? Kumbukumbu ya mtoto inakua kama yeye mwenyewe anavyokua. Haisubiri aanze kuongea.

3. KUMBUKUMBU NI KAMA CHAMA

Kuna jambo lingine ambalo Rovee-Collier na wenzake waliandika mwaka wa 1980, na kwangu hili ndilo kubwa. Walichukua watoto wa miezi mitatu waliojifunza ule mchezo wa mguu, wakakaa wiki mbili bila kuwaonyesha. Watoto wakawa wamesahau kabisa. Lakini wengine, siku moja kabla ya kupimwa, walionyeshwa vile vidude vikicheza kwa dakika chache tu, bila utepe. Kesho yake walirusha miguu kana kwamba walijifunza jana. Kile kilichoonekana kimepotea kilikuwa bado kipo, kinangoja kukumbushwa.

Wale mlio kwenye chama mnaelewa. Mtu haji na elfu hamsini mara moja halafu anapotea mwaka mzima. Tunaweka mia mbili kila wiki, na mwisho wa mwaka kuna kitu. Kumbukumbu ya mtoto inajengwa hivyo hivyo. Wimbo mfupi kila jioni unamfaa kuliko siku moja kubwa ya Krismasi. Ombi la sentensi mbili kabla ya kulala, kila usiku, kwa sauti ile ile, linakaa kuliko mkesha mmoja wa kumwekea mikono. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kuketi nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Hizo ni nyakati za kawaida zinazorudi kila siku. Mungu aliyeumba ubongo wa mtoto alijua unavyofanya kazi.

4. KILE HAWEZI KUSIMULIA BADO KINAMJENGA

Sasa tuje kwa ile nusu ya kweli. Watu wazima wengi, ukiwauliza jambo la kwanza kabisa wanalokumbuka maishani, watakupa kitu cha walipokuwa na miaka mitatu, mitatu na nusu. Kabla ya hapo ni giza. Sehemu ya ubongo inayofunga matukio na kuyaweka pamoja, inayoitwa hipokampasi, inaendelea kujijenga miaka hiyo yote, na mtoto bado hana maneno ya kufungia tukio. Kwa hivyo ni kweli: mtoto wako wa mwaka mmoja, akiwa na miaka ishirini, hatakusimulia mliyofanya leo.

Lakini kutoweza kusimulia si sawa na kutobaki na kitu. Kuna mfano wa hapa jirani, Uganda. Miaka ya 1954 na 1955, mtafiti anayeitwa Mary Ainsworth alitembelea familia 26 za Wabaganda katika vijiji karibu na Kampala. Alikuwa amesikia kwamba kuna desturi ya zamani: mtoto akiachishwa kunyonya anapelekwa kwa bibi siku kadhaa ili "alisahau titi". Alipofika alikuta wengi hawaifanyi tena, kwa hivyo akabaki akitazama watoto na mama zao nyumbani, akirudi kila baada ya wiki mbili hivi kwa miezi mingi.

Aliona watoto ambao hawajui kusema neno moja, lakini wanamtofautisha mama na watu wengine wote. Wanalia akitoka, wanamfuata wakitambaa, wanamshangilia akirudi. Na aliona kwamba watoto hawakufanana. Wale ambao mama zao waliwajua vizuri na kuwaitikia mapema walitulia, wakatambaa mbali kucheza, wakijua wana mahali pa kurudi. Wengine walilia sana hata mama akiwa hapo hapo. Hakuna mtoto hata mmoja kati yao angeweza kusimulia ni mara ngapi aliitikiwa. Lakini kila mmoja alikuwa amejifunza jibu la swali moja: nikilia, kuna mtu anakuja?

Hilo ndilo mtoto anaweka. Zaburi 22:9 Daudi anasema kwamba Mungu alimfundisha kutumaini akiwa bado matitini mwa mama yake. Kutumaini kunaanza mapema hivyo.

Na si kuitikiwa tu. Mtoto anaweka pia anachokiona. Mwaka wa 1988, Andrew Meltzoff alionyesha watoto wa miezi kumi na minne kitu cha ajabu: mtu mzima anainama na kuwasha taa kwa kugusa kisanduku na paji la uso. Watoto hawakuruhusiwa kukishika siku hiyo. Wiki moja baadaye walipewa kile kisanduku, na wengi wakainama wakakigusa kwa paji la uso. Waliona mara moja, wakakaa wiki nzima, wakafanya.

Baba, fikiria hapo kwa dakika moja. Ukimwinulia mama watoto mkono mbele ya mtoto wa miezi kumi na minne, usijifariji kwamba ni mdogo. Na wewe ukipiga magoti kando ya kitanda kabla ya kwenda kazini Light Industries, vile vile usifikirie hakuna anayekuona.

5. MAZUNGUMZO YANAFANYA KUMBUKUMBU KUWA HADITHI

Mtoto akifika mwaka mmoja na nusu, miwili, maneno yanaanza. Hapa mzazi ana kazi mpya: kumsaidia kufunga mambo kwa maneno.

Huko New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago waliwauliza watu wazima kumbukumbu yao ya kwanza. Wale wa jamii ya Wamaori walikumbuka mambo ya kabla ya kufika miaka mitatu, karibu mwaka mzima mapema kuliko wenzao wenye asili ya Ulaya. Wamaori ni watu wanaothamini sana kusimulia ya zamani, na mtoto anasikia hadithi za familia tangu mdogo. Katika chuo hicho hicho, Elaine Reese aliwafundisha kina mama kuongea na watoto wadogo kuhusu mambo waliyofanya pamoja: kuuliza maswali ya wazi, kuongezea anachosema mtoto, kumsifu akikumbuka. Watoto wao walikuja kusimulia kumbukumbu zao kwa upana zaidi.

Sisi wazazi wa Kenya hatuna uvivu wa kufundisha watoto. Miaka ya 1970 mtafiti Charles Super aliishi Kokwet, kwa Wakipsigis, akaona watoto wanaketi na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa sababu kina mama wanawafanyisha mazoezi. Wengine wanachimba kashimo kadogo ardhini, wanamkalisha mtoto humo ili asianguke. Lakini yeye na Sara Harkness waliona pia kwamba ukimwomba mtoto wa pale asimulie hadithi mbele ya mtu mzima, mara nyingi ananyamaza. Si kwamba hana akili. Amelelewa kusikiliza na kutii, si kuongea na wakubwa. Heshima ni nzuri, na siiondoi. Nasema tu, tumezoea kumwambia mtoto "lete", "nyamaza", "kaa hapo". Tuongeze na "hebu niambie tuliona nini sokoni?"

Biblia imejaa jambo hili. Kutoka 12:26 inatarajia kwamba mtoto atauliza maana ya Pasaka, na mzazi atasimulia. Yoshua 4:6 inapanga mawe kumi na mawili ili mtoto aulize. Watoto hao hawakuwepo Misri wala Yordani. Walipewa kumbukumbu kwa kusimuliwa.

Na sisi tuna Yordani zetu. Tarehe 4 Mei 2020, wakati wa korona na mvua, nyumba zilibomolewa pale karibu na sewage ya Kariobangi na maelfu wakabaki nje. Kuna watoto waliobebwa mgongoni siku hiyo ambao sasa wako shuleni. Hawawezi kukumbuka wenyewe. Watakumbuka vile utakavyowasimulia. Usifiche uchungu, kwa sababu ulikuwepo. Lakini ukimwambia mabati yalianguka, mwambie pia ni nani aliyewapa pa kulala usiku huo.

6. SWALI LA MAMA ANAYESAFIRI

Katika ushirika wetu wa nyumbani dada mmoja aliniuliza: "Pasta, nimepata kazi Saudia, mkataba wa miaka miwili. Mtoto ana miezi minane. Atanisahau?" Najua si yeye peke yake, kwa hivyo namjibu hapa pamoja na wengine.

Dada, sitakudanganya. Mtoto wa umri huo akikaa miezi bila kukuona wala kukusikia, sura yako itafifia. Si kwa sababu hakupendi. Ndivyo ubongo wake ulivyo kwa sasa. Uamuzi wa kwenda ni wako na familia yako, mbele za Mungu, na mimi najua karo na kodi hazilipwi kwa maombi peke yake. Lakini ukienda, fanya haya.

Kwanza, mwachie mtu mmoja imara, si watu watano wa kupokezana. Mtoto anahitaji mtu anayejua kilio chake.

Pili, piga simu ya video fupi fupi, mara nyingi kadiri mwajiri anavyokuruhusu. Saa za Riyadh na Nairobi ni sawa, kwa hivyo panga na anayemlea mpate wakati ambao mtoto ameamka na ameshiba. Imba wimbo ule ule kila mara. Mjibu akicheka, mwite jina. Imeonekana kwamba watoto wa karibu miaka miwili wanajifunza zaidi kutoka kwa mtu anayewaitikia kwenye simu kuliko kutoka kwa video iliyorekodiwa.

Tatu, acha picha yako na leso yako. Anayemlea aseme kila siku, "Huyu ni mama." Hizo ni zile hisa ndogo za chama.

Nne, siku utakayorudi, ukitua JKIA, mtoto anaweza kujificha nyuma ya shosho. Usimnyakue. Usiseme amekukataa. Keti chini, imba ule wimbo, mwache aje mwenyewe. Inaweza kuchukua siku, inaweza kuchukua wiki.

Tena soma habari za Musa. Mama yake alimpata kwa muda tu wa kunyonyesha, kisha akampeleka ikulu kwa binti Farao (Kutoka 2:9-10). Lakini alipokuwa mtu mzima, Kutoka 2:11 inasema alitoka akaenda kwa ndugu zake. Katika ikulu yote ile, bado alijua ndugu zake ni kina nani. Muda mfupi uliotumiwa vizuri haukupotea.

7. YA KUFANYA WIKI HII

(a) Chagua wimbo mmoja na ombi moja fupi. Yarudie kila usiku, maneno yale yale.

(b) Mwache mtoto alale. Utafiti umeonyesha kwamba watoto wa miezi sita na wa mwaka mmoja wakilala angalau nusu saa muda mfupi baada ya kujifunza kitu, wanakishika vizuri zaidi. Na ndugu zangu wa vyombo watanisamehe, lakini kina mama wenye watoto wachanga wasikae karibu na spika siku ya kesha. Tumepanga chumba cha nyuma.

(c) Mlishe. Maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, kisha vyakula vyenye madini ya chuma: maini, omena iliyosagwa, ndengu, mboga za kienyeji. Mtoto aliyepungukiwa damu anapungukiwa hata na uwezo wa kujifunza na kukumbuka. Msikose kliniki.

(d) Mkikosana, tokeni nje au ngojeni. Na mkipatana, patanisheni mbele yake, aone hilo pia.

(e) Jioni, mwulize mtoto anayeanza kuongea jambo moja la siku hiyo. Akisema "mbuzi", wewe ongeza: "Ndiyo, tuliona mbuzi mweupe pale Mutarakwa, akakula nini?"

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika nyumba yako, ni jambo gani mmekuwa mkilifanya mkisema "hatakumbuka"?
2. Loisi alikuwa bibi. Mashosho wa kanisa letu wanawezaje kusaidia kina mama wanaotoka kazini usiku?
3. Ni hadithi gani ya wema wa Mungu katika familia yako ambayo watoto bado hawajasimuliwa?

OMBI

Baba, wewe uliyesema mama anaweza kusahau lakini wewe hutasahau (Isaya 49:15), tunakuletea watoto wetu wachanga. Tulinde ndimi zetu na mikono yetu mbele yao. Walio mbali na watoto wao, wape nafasi ya kuwasikia. Wanaolea watoto wa wengine, wape subira na chakula. Na watoto hawa wakikua, hata kama hawatakumbuka siku hizi, wakute ndani yao kwamba walipolia, mtu alikuja. Katika jina la Yesu, Amina.